Makasha ya negativu za babu yananuka siki, naanzia wapi?

BintiNgamiani (Tanga)

Wakuu habari za leo, naomba ushauri na msinicheke maana mi haya mambo siyajui kabisa.

Babu yangu mzaa mama alikuwa na studio ya picha Ngamiani hapa Tanga, alifungua 1968 akafunga 1994 zilipokuja zile studio za kusafisha picha za rangi kwa mashine zikammaliza. Alishafariki siku nyingi. Fremu ikawa duka la vocha na sasa mwenye nyumba anavunja, ndo tukaenda kuhamisha vitu tukakuta stoo ya nyuma kuna makasha 11 ya negativu, yale ya mbao ya chai. Nimehesabu kasha moja lina bahasha kama 800 hivi kwa hiyo jumla inakaribia elfu tisa. Nyingi ni zile kubwa za mraba, nyeusi na nyeupe, zingine ndogo za mkanda wa kawaida.

Sasa shida. Makasha matatu tulipoyafungua ilitupiga harufu ya siki mpaka mama akadhani kuna chupa ya achari imepasuka humo. Baadhi ya negativu zimejikunja na juu zimefanya makunyanzi kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ni nini hii?

Na nyumbani hatuelewani. Mjomba kapata mtu wa Ulaya kwenye simu ananunua negativu za zamani kwa kasha zima, anataka kumpa. Mama anasema zichomwe kwa sababu humo ndani kuna wake za watu, maharusi wamepigwa ndani bila ushungi, watu waliamini hazitatoka pale. Mi nikafanya ujinga nikapiga picha 20 kwa simu nikazigeuza nikaziweka Facebook. Siku mbili tu: mzee mmoja kamuona baba yake akafurahi mpaka akapiga simu, mama mmoja kampigia mama yangu akiwa mkali kwamba nimemuanika, na kuna ukurasa mwingine umezibeba zote wakabandika nembo yao juu kama za kwao. Nimezifuta lakini kule kwao bado zipo.

Ninunue skana gani? Niziweke wapi? Na kwani nina haki ya kuziweka?

FundiLenzi (Dar)

Pole dada. Hiyo siki ni siki kweli, asidi ile ile. Mikanda mingi ya enzi hizo plastiki yake ni asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kuvunjika yenyewe inatoa asidi, halafu hiyo asidi inaharakisha kuvunjika zaidi, na mvuke wake unaambukiza zile nzima za jirani. Ndo maana kasha zima linaoza pamoja. Makunyanzi unayoyaona ni kwamba plastiki imesinyaa ila ile ngozi ya juu yenye picha haijasinyaa nayo, kwa hiyo inajikunja. Hairudi nyuma hiyo hata ufanyeje. Mtu akikwambia iloweke maji ya uvuguvugu mkatae.

Wataalamu wanahesabu kwamba mkanda mpya ukiuweka kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 unachukua kama miaka 40 mpaka siki ianze. Sasa stoo ya Ngamiani yenye bati mwezi wa pili, we fikiria.

Fanya leo hii: tenga yale makasha matatu, chumba kingine kabisa. Mengine yatoe kwenye mbao uyaweke sehemu yenye hewa, usiyafungie kwenye madebe ya plastiki kwa joto la kawaida ukadhani unayalinda, unaifungia asidi ndani. Kama kuna mtu anakuja kutoka nje mwambie akuletee vile vikaratasi vya kupimia asidi, unaweka kimoja ndani ya bahasha, kinatoka bluu kinakwenda kijani halafu njano, njano ndo hatari. Bila hivyo tumia pua, ila pua inachelewa.

Halafu zile zilizoathirika ziingie friza. Sitanii. Mfuko wa zipu, ndani yake vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya vya kunyonya unyevu, mfuko wa pili juu yake, toa hewa, friza. Ukizitoa usifungue mfuko mpaka siku ipite zipate joto sawa na la chumba, la sivyo zinatoka jasho na ndo umezimaliza. Ila kama kuna za vioo hizo usigandishe.

Kingine, angalia ukingoni mwa mkanda. Ukiona neno SAFETY umepona. Kama babu alirithi mikanda ya zamani zaidi ya kabla ya miaka ya 50, ina rangi ya kahawia na inanata na ukingoni imeandikwa NITRATE, hiyo inashika moto kama petroli, usiiweke ndani ya nyumba mnayolala.

Kuhusu skana, Epson V600 inatosha kwa zile za mraba. Ila kwa elfu tisa mi ningetumia kamera yenye lenzi ya karibu, juu ya stendi, chini taa bapa nyeupe. Usiweke negativu moja kwa moja juu ya kioo cha tableti, utaona vidoti vya skrini kwenye picha, inua kidogo na uweke plastiki nyeupe ya maziwa katikati. Na upande uangalie, maandishi ya ukingoni yasomeke vizuri, watu wengi wanapiga kinyume. Utajua umekosea ukiona jina la kanga linasomeka kutoka kulia hahaha.

ChumaUlete

Mpe mjomba auze bana. Hizo takataka zimekaa stoo miaka 30 hakuna aliyezikumbuka, leo kuna mtu anatoa hela ndo zimekuwa urithi. Wazungu wanajua kutunza kuliko sisi.

FundiLenzi (Dar)

@ChumaUlete wanajua kutunza sawa. Lakini British Library walipovamiwa na wadukuzi Oktoba 2023 mitandao yao ilikufa miezi mingi, pamoja na ule mradi wao wa nyaraka zilizo hatarini ambao una makusanyo ya dunia nzima yakiwemo ya Afrika. Waliokuwa wanategemea kuangalia kule tu walikaa gizani. Bahati nzuri ule mradi masharti yake ni kwamba nyaraka zenyewe hazitoki nchini kwake na kopi inabaki huko huko. Huyo wa mjomba anachukua kasha zima, kopi hakuachii. Siyo kitu kimoja.

MwanaNyaraka (Mombasa)

Mwanangu BintiNgamiani, assalam aleykum. Mimi nimefanya kazi ya nyaraka hapa Mombasa miaka 22, nimestaafu. Hayo ya friza na kamera mwenzangu kasema vizuri sana sina la kuongeza. Lakini nakuuliza kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuuliza. Daftari liko wapi?

Kila mpiga picha wa studio alikuwa na daftari. Mteja akija anaandikwa nambari, jina, tarehe, kopi ngapi, amelipa ngapi na deni ngapi, na ile nambari ndiyo inayokwaruzwa kwenye bahasha au kwenye ukingo wa negativu. Kama bahasha zako zina nambari na daftari lipo, una hazina. Kama daftari halipo una sura elfu tisa zisizo na jina, na hata ukizipiga kwa kamera ya milioni kumi zitabaki sura tu.

Nimeona mengi. Nimepokea makusanyo yamekuja kwenye diski safi kabisa, faili kubwa, picha unaona mpaka uzi wa kofia, na hakuna anayejua ni nani wala ni wapi. Tazama zile kadiposti za Unguja na Mombasa za zamani, "msichana wa Kiswahili", "mwanamke wa pwani", mtoto wa watu huyo alikuwa na jina na mama yake, aliyeandika hakujishughulisha kuuliza. Leo zimetunzwa vizuri kweli, ziko kwenye vyuo vikuu huko, na jina bado hakuna. Kule Northwestern University karibu na Chicago wana mkusanyo wa Winterton, picha za Afrika Mashariki za 1860 mpaka 1960, maelfu, na zinatazamwa bure. Uzipitie uone utakavyokuwa ukijiuliza huyu ni nani.

Kwa hiyo skana ingoje mwezi. Wazee hawangoji. Tafuta daftari, halafu tafuta bibi wawili watatu wa mtaa wenye kumbukumbu, kaa nao, rikodi sauti kwa simu. Tena usiwaoneshe picha kumi kwa mkupuo, wanachoka wanaanza kukuitikia tu ndiyo ndiyo.

BintiNgamiani (Tanga)

Daah. Shikamoo MwanaNyaraka. Nimesoma ujumbe wako usiku nikampigia mama muda huo huo. Madaftari yalikuwepo, manne, makubwa ya jalada gumu. Matatu mama kashampa jirani anayeuza karanga afungie. Nimekwenda alfajiri. Moja nimelipata zima, lingine limebaki kuanzia katikati, lile la mwanzo limeliwa na karanga. Kwa hiyo nina kuanzia 1973 mwishoni mpaka 1994 na pengo hapo kati. Nambari zinalingana na bahasha, nimejaribu ishirini zote zimekubali.

Kimani_bakapu (Nairobi)

Sasa BintiNgamiani, mimi niko Nairobi nafanya kazi ya seva so wacha nikupigie hesabu ujue unaingia wapi. Negativu ya mraba ni milimita 56 kwa 56. Ukiskani kwa nukta 2400 kwa inchi unapata kama pikseli 5,300 kila upande, yaani milioni 28. Ukihifadhi TIFF (faili isiyofinywa) ya kijivu ya biti 16, faili moja ni kama megabaiti 56. Mara 9,000 ni kama gigabaiti 504. Hiyo inaingia kwa eksitenali (diski ya nje) moja ya terabaiti moja na nafasi inabaki. Kwa hivyo usitishwe na mtu akikwambia unahitaji mtambo.

Kinachokula ni muda. Dakika 3 kila moja na kupuliza vumbi ndani, ni saa 450. Ukifanya saa 4 kila siku bila kupumzika ni karibu miezi minne, na stima zikipotea katikati unaanza upya. Hapo kamera inashinda skana kwa mbali.

Eksitenali nunua mbili kwa wakati tofauti na kampuni tofauti, zile za pamoja hufa pamoja. Moja ikae kwako Tanga, nyingine kwa ndugu mji mwingine, na kopi ya tatu kwa mtandao ukiweza kulipia. Usitegemee ya bure. Watu walikuwa wanarusha kila kitu Google Photos juu ilikuwa haina mwisho, Juni 2021 wakafunga hiyo ya bure bila kikomo, na kutoka Desemba 2023 akaunti ya kibinafsi isiyoguswa miaka miwili wanaweza kuifuta na kila kitu ndani. Nina rafiki marehemu babake alikuwa na picha za harusi zote pale na hakuna mtu anajua paswadi. SSD, ile diski isiyozunguka, pia usiweke kabatini ukasahau, ikikaa miaka bila umeme inaweza kupoteza, diski ya kuzunguka ni afadhali na uiwashe angalau mara moja kwa mwaka.

WhatsApp ni kaburi. Ukituma picha kama picha inaifinya na maelezo yote ya ndani yanatoka. Ikibidi tuma kama dokumenti.

Jina la faili liwe ile nambari ya babu, usibuni lako. Studio, mwaka, nambari, basi. Kisha jedwali moja la kawaida lenye safu ya nambari, jina kama lilivyoandikwa kwa daftari, nani amemtambua, siku gani. Na utengeneze orodha ya alama za kidole za faili, kuna programu za bure zinatoa SHA-256, kila faili inapata mstari wake wa herufi. Mwaka ujao unaendesha tena, kama mstari umebadilika unajua faili imeoza kabla kopi ya pili haijaoza nayo. Watu huruka hii hatua kwa sababu haionekani na ndiyo inawaumiza.

Rangi_Tupu

Mi nimechukua moja ile uliyoweka Facebook kabla hujafuta nikaipitisha kwenye programu ya kupaka rangi na kusafisha, imetoka moto balaa, nikutumie?

BintiNgamiani (Tanga)

@Rangi_Tupu kuna mtu mwingine kanitumia ya hivyo hivyo, asanteni. Lakini angalieni kanga. Kwenye negativu jina la kanga linasomeka kabisa, herufi moja moja. Kwenye hiyo yenu imegeuka vijiti vijiti havina maana, na mama mkubwa anasema ile kanga ilikuwa nyekundu na nyeusi, imepakwa samawati. Tena yule mama kaongezewa meno.

MwanaNyaraka (Mombasa)

Na jina la kanga ndilo linalokuambia mwaka, kwa sababu kuna bibi atakayekumbuka mtindo huo ulitoka lini. Picha ya kuchezea ichezeeni, lakini isiingie kwenye folda moja na ya asili.

Bin_Unguja (Muscat)

Nasoma uzi huu kutoka Muscat nimeshindwa kunyamaza. Mama yangu katoka Unguja 1964 akiwa na miaka tisa, wametoka na nguo walizovaa. Hana picha hata moja ya utotoni. Hana picha ya mama yake. Kaka yangu amezunguka miaka na miaka anauliza, studio ipi walipigwa, nani alibaki na vitu vya nyumba. Kila nikiona ukurasa wa picha za zamani napitia zote, mpaka komenti, labda mtu kasema kitu.

Kwa hiyo dada mimi namuelewa mamako, na nimekulia nyumba ambayo picha ya mwanamke haitundikwi sebuleni. Lakini usichome. Kuna mtu mahali anaitafuta bahasha moja kati ya hizo elfu tisa na hajui iko kwenye kasha la chai Tanga. Kama picha zenyewe haziwezi kuwekwa wazi, weka basi majina na miaka, mtu ajue pa kupigia.

MwanaNyaraka (Mombasa)

Bin_Unguja kasema la maana na ndilo nililokuwa nikilijia. Watu wanadhani ni mawili tu, ama uanike ama uchome. Hifadhi ya kweli ina milango. Kuna za wazi kwa kila mtu: majengo, mitaa, timu za mpira, maandamano, maduka, watu wamesimama nje wanajua wanapigwa. Kuna za familia: mtu anakuja anataja jina au nambari ya bahasha, anathibitisha ni wake, anapewa kopi. Na kuna zilizofungwa: maharusi wa ndani, picha za hospitali, watoto, hizo unazipiga na kuzitunza lakini hazioni mtandao, unaandika tarehe ya kuziangalia tena, hata kama ni miaka 50 ijayo.

Sheria pia ipo. Kenya tuna ya ulinzi wa data ya 2019, nanyi Tanzania mna yenu ya taarifa binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Sura ya mtu aliye hai anayetambulika si kitu cha kuposti hivi hivi. Lakini nikwambie ukweli, katika miaka yangu yote sikuona mtu amekuja na kifungu cha sheria. Wanakuja na uchungu. Yule mama aliyepiga simu, nenda kwake. Usimpigie, nenda, na kopi yake iliyosafishwa vizuri kwenye bahasha, umuombe radhi. Huyo ndiye atakayekutajia watu mia.

Na mjombako asiachwe nje. Akihisi mmemzunguka utaamka asubuhi makasha yamekwenda. Mpe kazi.

BintiNgamiani (Tanga)

Wakuu nimerudi, imepita wiki tano. Narudisha mrejesho maana wengi wanauliza kisha wanapotea.

Makasha matatu ya siki yako kwenye friza ya mama ya kuuzia samaki, mifuko juu ya mifuko. Tumegombana sana. Anasema vibua vyake vinanuka siki, mi nasema negativu zitanuka vibua. Tumewekeana ubao katikati.

Mjomba nimempa kazi ya stendi, ni fundi seremala, kanitengenezea ya mbao safi kuliko za dukani na sasa anajisifia mtaani kwamba yeye ndo mwenye mradi. Yule mnunuzi kapotea mwenyewe alipoombwa aache kopi. Nimeazima kamera, nimeshapiga 640, nimeanza na zile ambazo zinanuka ila bado zinalala bapa kwa sababu zilizokunjamana nimeambiwa zisubiri.

Kwa yule mama nilienda. Hakunifungulia mara ya kwanza. Mara ya pili alinifungulia, akaichukua bahasha akaiangalia muda mrefu hajasema kitu, halafu akaniambia yule aliyekaa kushoto ni mdogo wake, kafariki 1981, na hiyo picha hakuwahi kuiona kwa sababu hawakuwa na hela ya kulipia kopi. Nikarudi kuangalia daftari, kweli, mstari wake una "deni" na haukufutwa.

Sasa nina swali na hili ndo linanisumbua. MwanaNyaraka ulisema kuhusu zile kadiposti, kwamba wageni hawakuuliza jina. Nimeingiza mistari 640 kwenye jedwali. Wanaume wote wana majina, mpaka la babu. Wanawake babu kawaandika "mke wa Bwana fulani", "binti wa fulani", "mama na watoto", zingine "harusi, kwa fulani" basi. Babu yangu mwenyewe, aliyekuwa anawajua, wengine ni majirani zake. Kwenye ile safu ya jina nifanye nini? Niache alivyoandika yeye niongeze safu nyingine, au nibadilishe?

Mama mkubwa Jumapili nilimkalisha na picha sita tu kama ulivyosema. Kataja wanawake wanne kwa majina yao, mmoja kamjua kwa kipini cha pua kwa sababu waliazimana. Wa tano kasema anamjua lakini jina halisemi mbele ya simu inayorikodi, nizime kwanza.

MwanaNyaraka (Mombasa)

Safu mbili mwanangu. Ya babu yako isiguswe hata kosa la herufi. Na yule wa tano, zima simu.